Ombi la Kumwondoa Bwana Ogin Katika Kompyuta Yetu

Mradi wa Maji Safi wa Nyar Nam,
Kisumu.
15 Oktoba 1993

Kwa Bwana Meneja wa Kompyuta Kuu,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: BWANA OGIN

Pokea salamu za ziwa. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo tangu wiki iliyopita yanasikiliza modem yenu ikilia kama paka aliyefungiwa ndani ya debe. Natumaini huko kwenu mashine zinalia kwa adabu zaidi.

Kwanza nijitambulishe, maana kijana wako wa simu alinijibu kama mtu anayezungumza na mchunga mbuzi. Naitwa Enos Masinde, Ofisa wa Mawasiliano wa mradi huu. Nimesoma hadi kidato cha pili na sehemu nzuri ya cha tatu. Nimefanya kazi katika meli ya kwenda Mwanza na Port Bell, nimelala Kampala wakati wenzangu wanaogopa hata kuchungulia Busia, na redio yoyote ikikohoa hapa Nyalenda huletwa kwangu kabla haijapelekwa kwa fundi. Kwa hiyo Mkurugenzi wetu alipopata kompyuta yenye mfumo wa Unix, pamoja na modem na disketi za kuifundisha kuzungumza na Nairobi kwa simu, hakusumbuka kutafuta mtaalamu. Aliniita mimi. Niliingiza disketi zote bila kuruka hata moja, tena kwa mpangilio wake, nikaingia kwa jina la "root", yaani mzizi, cheo ambacho hapa ofisini hata Mkurugenzi mwenyewe hana.

Upande wetu basi kazi imekamilika. Kilichobaki ni makosa yenu, nayo ni haya.

1. Ajira ya siri. Katika karatasi ya maagizo mliyotutumia kuna mstari mmoja mliosema niunakili ulivyo. Unaanza vizuri, na namba yenu ya simu imo. Halafu ghafla, bila kutambulishwa, anatokea mtu anayeitwa "ogin:". Bwana Meneja, mimi ni Mbukusu, lakini nimekaa na Wajaluo miaka ya kutosha kulijua jina la mtu nikiliona. Kuna Ogolla, kuna Ogutu, kuna Ogweno. Ogin ni ndugu yao, hata kama mmemwandika kwa herufi ndogo ili apite bila kuonekana. Hapa ofisini hatuna Ogin. Hajafanyiwa mahojiano, hajawahi kuinua hata waya, lakini amewekwa katikati ya mfumo, na mimi niliyetambaa chini ya meza pamoja na buibui sitajwi popote. Kujuana kwa binadamu tumekuzoea. Hatukujua kwamba na mashine zina wajomba.

Mbele yake kidogo kuna mwingine, "ssword:". Huyo nilimwacha. Jina lenye S mbili mwanzoni lazima ni la Mzungu, pengine wa Uholanzi, na huenda ndiye mfadhili.

2. Majibu ya dharau. Nilipiga simu kuuliza. Kijana wako akaniambia kwamba Ogin si mtu. Eti ni neno "login", ambalo kompyuta yenu huliandika mlangoni ili kumuuliza mgeni yeye ni nani, na eti mmelikata herufi ya kwanza kwa sababu mashine nyingine huiandika kubwa na nyingine ndogo. Nilicheka mpaka Adero, karani wetu, akaja kuchungulia kama ni mimi au ni modem. Tangu lini neno likatwe kichwa na bado litembee? Hata kuku hafiki mbali. Nikamuuliza kijana: na mimi ukinikata kichwa, nitabaki Asinde? Akakata simu. Mwenye hoja hakati simu.

Basi nikachukua hatua ambayo ofisa yeyote angechukua. Kabla hata ya kuijaribu modem, nilimfuta Ogin, nikaandika "Masinde:", jina la mtu anayejulikana, mwenye kiti chake na kikombe chake.

3. Keria. Tangu hapo, kila tukipiga, mashine hizi mbili zinapigiana kelele za kusalimiana, halafu yetu inasimama mlangoni pa Nairobi ikingoja Masinde atajwe. Yenu inanyamaza. Si kwamba haijui kutamka, maana maneno mengine inayatamka. Ni kiburi. Mwishowe simu inakatika na kioo chetu kinaandika NO CARRIER, yaani hakuna keria.

Bwana Meneja, keria inajulikana na kila mtoto wa Kisumu. Ni kile chuma cha nyuma ya baiskeli anapokaa abiria. Modem yetu iko juu ya meza. Haina magurudumu na haijaomba kupelekwa Kondele. Kama barua zenu haziwezi kusafiri bila keria, kwa nini hamkuifunga kwenye sanduku pamoja na vifaa vingine? Nimeligeuza sanduku juu chini. Nimepata karatasi ya kumwonya mtu asiile modem, lakini keria sikuiona.

4. Mama Perez. Hapa nitatania kidogo tu, kwa sababu ya mazoea.

Mama Perez ndiye anayetupikia chai. Mwanawe Walter anasoma uhandisi huko Moscow. Siku redio iliposema vifaru vinalipiga bunge la huko, Mama Perez aliweka birika chini na hakuliinua tena siku hiyo. Baadaye kijana wako, yule yule wa vichwa, akatuarifu kwamba kuna barua ya Mama Perez imefika kwenye kompyuta yenu kutoka Moscow, na inangoja modem yetu iende kuichukua. Akasema anaweza kumsomea kwa simu. Mama Perez akakataa. Alisema, "Kama mtoto wangu amekufa, sitaambiwa na mtu nisiyejua hata mama yake ni nani." Kwetu huku habari ya namna hiyo huletwa na mtu unayemjua, tena kwanza mnakaa. Anataka barua itokee hapa, mbele ya watu wake, iwe na lolote iliyo nalo.

Sasa kila adhuhuri anakuja kukaa kando ya modem. Ikianza kulia anainamisha kichwa, ananiuliza, "Baba Metrine, anayelia hapo ni wetu au ni wao?" Nami, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, namwambia chai ya leo ni tamu.

Ameniomba nimrudishe Ogin kwenye mstari. Nimemweleza kwamba kuita jina la mtu ambaye hayupo, tena siku nzima, ni mwiko hata kwa kompyuta. Hakubishana nami. Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaomba kama kuna Ogin yeyote anayesikia, ajitokeze amsaidie mzazi kuzungumza na Moscow. Mpaka leo amekuja mtu mmoja, naye si Ogin bali ni ndugu wa marehemu Ogin wa Kombewa. Alitaka kujua kama kuna urithi.

Kwa hayo yote naomba Ogin aondolewe huko kwenu pia, au aletwe Kisumu akiwa na barua ya kuajiriwa tumwone uso. Kompyuta kuu ifundishwe kusema Masinde. Si jina gumu, hata wakwe zangu wanaliweza. Na keria itumwe kwa basi la kwanza. Mkinyamaza, nitampelekea Mkurugenzi, naye atapeleka kwa bodi, na bodi ikilala nitaandika moja kwa moja Uholanzi kwa Bwana Ssword.

Nisalimie wote walio karibu na mashine hiyo, wake na watoto wao, na yule kijana wa simu umwambie sina kinyongo. Akifika Kisumu nitamnunulia samaki, kichwa chake kikiwa juu yake.

Ni mimi, niliye upande wa pili wa waya,

Enos Masinde
Ofisa wa Mawasiliano na Mzizi

T.B. Leo ni Jumatano. Juzi, kabla sijaitia barua hii stempu, aliingia Bwana Absalom Ogin wa Pap Onditi, muuza mikeka, aliyesikia habari ya tangazo kwa shemeji yake. Alikuja kwa baiskeli, na nyuma ina keria pana kama kitanda. Hakuuliza maswali. Alisema tu, "Mama yuko wapi, na mimi nikae wapi?"

Tukamkalisha mbele ya kioo. Ingekuwa aibu mgeni wa aina hiyo asome jina la mtu mwingine, kwa hiyo nikamfuta Masinde, nikamwandika yeye kwa herufi zile zile ndogo mlizotaka. Modem ikalia mara moja tu, mlango ukafunguka, barua ikaingia.

"Mama, ni mimi Walter. Niko mzima. Vifaru nilivisikia nikiwa chini ya kitanda bwenini. Kinachonisumbua ni baridi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa?"

Mama Perez alikaa sakafuni. Nilimsomea, nikarudia, nikarudia tena, mpaka Bwana Ogin akaikariri. "Amezaa," akasema Mama. "Mwambieni amezaa dume."

Bwana Ogin alikwisha kwenda zake na keria yake, na leo asubuhi modem imeingia Nairobi bila yeye. Ndiyo maana malalamiko haya yamekufikia kwa modem ninayoilalamikia. Tafadhali msimguse Ogin. Adero anasema sasa anamwamini yule kijana kuhusu kichwa kilichokatwa. Mimi nimemwambia uchunguzi unaendelea.

Katika jibu la kwenda kwa Walter, maneno ya kuanzia nilitajiwa na mama yake mwenyewe, akiwa amesimama nyuma yangu, na mimi, mzizi wa Unix, nikayapiga kwa vidole vyangu: "Mwanangu, aliyetuunganisha ni Bwana Ogin."