Malalamiko Kuhusu Vipande Viwili Vinavyoitwa KINA

Kwa Mjomba,
Mtaalamu Mstaafu wa Idara ya Maji.

Shikamoo Mjomba.

Tak! Hivyo ndivyo kibweta chako cha miwani kilivyolia ulipokifunga baada ya kuniambia, “Kazi yangu usiiguse hata herufi.” Wiki ya tatu sasa bado ninakisikia. Nakuandikia kwa sababu mvua zimekaribia, na watu wa bondeni wanasubiri programu ya tahadhari ya mafuriko, ambayo nimeagizwa kuitengeneza kwa kuunganisha kazi zenu za zamani za Fortran, ile lugha kongwe ya kompyuta: yako na ya Mama, dada yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika kipande cha programu cha kukokotoa kina cha mto, ukakiita KINA. Mama, dawati la pili kutoka lako, akaandika chake, naye akakiita KINA. Miaka mitano mlikaa chumba kimoja bila kuulizana.

2. Kiunganishi, yaani programu inayoshona vipande viwe kitu kimoja, nacho hakiulizi. Kikikuta majina yamefanana, kinachukua kipande cha kwanza na kukiacha cha pili kimyakimya. Nilipotanguliza kazi ya Mama, hesabu zako zikatumia KINA chake. Yeye hutumia sentimita, wewe mita. Mto ukawa na kina cha mita mia nne.

3. Mama naye hataki kubadili jina. “Mwambie huyo kaka yangu mimi ndiye niliyetangulia, na asinichoshe.”

4. Kwa kuwa nawaheshimu nyote, napendekeza mgawane siku: mafuriko ya Jumatatu hadi Jumatano yawe yako, ya Alhamisi hadi Jumamosi ya Mama. Jumapili mto upumzike.

5. Ikishindikana, naomba utie saini ombi la kuwahamishia mlimani wakazi wote wa bonde. Ni watu elfu sita tu. Herufi ni nne.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata paka anayelala juu ya kompyuta yako.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu kupita kiasi.

N.B. Juzi asubuhi maji yalianza kupanda, barua hii ikiwa bado mezani. Nilibadili majina yote mawili bila ruhusa ya yeyote. Kazi ya dakika tisa. Tahadhari ilitoka saa nne: mita sita. Hadi adhuhuri bondeni hakukuwa na mtu. Sasa vipande vinaitwa KINA1 na KINA2. Kipi ni cha nani, sitasema.