Makokha Amepewa Kichwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimedhulumiwa! Jana baada ya ibada, Mama Benta, mwenyekiti wa kamati ya afya kanisani, aliuliza nani atafundisha kuhusu mfumo wa neva Jumamosi. Makokha akainua mkono. Makokha! Fundi wa stima anayeishi ghorofa ya kwanza ya jengo letu, anayedhani mwili ni nyumba ya kutiwa waya. Nami nikainua. Neva sizijui, lakini Celine alikuwa ameketi mbele na aligeuza shingo kutazama.

Celine ni karani wa mahakama pale Makadara. Anaishi ghorofa ya tano na babake, Mzee Sylvance, mstaafu wa reli. Mimi niko ya nne. Miaka miwili namsalimu kwenye ngazi na hajavuka "habari yako, jirani".

Mama Benta ameligawa somo. Makokha amepewa ubongo. Mimi, uti wa mgongo na neva za mikono na miguu. Yaani yeye kichwa, mimi mabaki! Nilisema asante. Nina hasira mpaka sasa.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua kitabu kikuukuu cha baiolojia kando ya Jogoo Road. Mambo si magumu. Ubongo unaamuru. Uti wa mgongo ndio njia kuu, umejificha ndani ya mifupa. Neva zinatoka hapo kwenda kila pembe. Nyingine hupeleka amri, nyingine hurudisha habari: sufuria ni moto, kiatu kinabana. Na ziko habari zisizongoja ubongo. Zikifika kwenye uti wa mgongo, jibu linarudi papo hapo. Gonga chini ya goti, mguu unaruka, ubongo unaarifiwa baadaye. Nimefurahi! Kumbe mara nyingine kichwa cha Makokha hakihitajiki.

Nikamjaribu Ng'ang'a, mwenzangu kwenye stoo ya kiwanda cha sabuni kule mtaa wa Baba Dogo. Nilimketisha mezani, nikamgonga kwa mpini wa nyundo. Mguu uliruka vizuri mno. Ukampata msimamizi tumboni, akipita na chai yake. Ng'ang'a aliapa hakukusudia. Nikamweleza msimamizi kisayansi kwamba ni kweli, mguu haukupata idhini. Anataka barua ya kujieleza.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa leo: kumpima goti Mzee Sylvance mbele ya Celine. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa mlangoni. Celine alifungua akiwa na wasiwasi. Alisema baba alikuwa mzima, lakini dakika chache zilizopita kikombe kilimponyoka na mkono wa kulia haushiki kitu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mungu anisamehe. Mkono! Idara yangu!

Nikasema ni neva imebanwa na kiti. Nikaomba mafuta ya kuchua. Mzee alijaribu kusema kitu, maneno yakatoka kama ya mlevi, na pombe hajawahi kuonja. Nikasema amechoka. Nikaendelea kuchua.

Makokha akaingia. Alikuja kunipeleleza, najua, maana alishika bisibisi na hakuna stima iliyoharibika. Alimtazama Mzee, akapiga magoti mbele yake. "Mzee, hebu cheka kidogo."

Nusu ya uso ikacheka. Nusu nyingine ikabaki imelegea.

"Hiki ni kiharusi," Makokha akasema. "Hospitali, sasa hivi."

Nikapinga. Naliandika hili kwa sababu shajara hii haitasomwa na mtu. Nilimwambia mkono uko kwenye somo langu, yeye ashughulike na kichwa.

"Ndicho kichwa chenyewe, Ndete!" akafoka. "Nisaidie kumwinua!"

Hapa kwetu Kware hakuna lifti. Makokha alimbeba Mzee mgongoni, mimi nikamshika kwa nyuma, viatu vyake kwapani. Kufika ghorofa ya tatu, Mzee alinishika kola kwa ule mkono mzima, akanitazama. Nikazidi kumshikilia. Celine alitangulia akipigia watu kelele wapishe. Jirani mwenye teksi akatukimbiza.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee yuko hai. Daktari amesema damu iliganda ikaziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, na tuliwahi. Nilimwuliza kama ana hakika, kwani mkono mbovu ni wa kulia. Akanieleza polepole kwamba njia zinapishana: kushoto ya ubongo inaendesha kulia ya mwili. Makokha akaitikia kwa kichwa kama aliyezaliwa akijua.

Celine alimshukuru Makokha huku amemshika mikono yote miwili. Kisha akanigeukia. "Jirani, ulikuwa unamchua babangu na anakufa." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilitoka nikaketi ukutani. Moyo mbio. Kitabu kinasema ziko neva zinazouendesha bila kukuuliza. Ni kweli. Niliuamuru utulie, haukutii.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Benta amempa Makokha somo zima. Mimi nimeshika mchoro. Alifundisha vizuri, inaniuma. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika: usingoje, usichue, kimbia hospitali. Aliposema "usichue", kanisa lote lilinigeukia. Nikauinua mchoro mpaka ukanifunika uso.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kumwona Mzee. Celine alikuwa ametoka kuzungumza na nesi. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukunjika kidogo! Nilimwomba Mzee msamaha. Maneno yake bado mazito, lakini alisema ngazi ni nyingi na mimi sikumwachilia. Nilikaribia kulia. Nikaapa pale pale kuachana na udaktari maisha yangu yote.

Kitanda cha pili yuko Munyoki, mchonga vinyago, vidole vinamfa ganzi. Sikumwambia ni neva. Huko washindani wamejaa. Nimemwambia ni wengu. Akauliza wengu uko wapi. Nikamwonyesha begani. Alishukuru sana, na wagonjwa wawili zaidi wakaniita. Nesi amenifukuza kabla sijafika kwenye figo.