Giaboksi Kwenye Beseni la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Kwa dada yake, na sanduku juu. Kosa langu? Nimeloweka vyuma vya giaboksi ya gari letu kwenye beseni lake la kufulia. Sasa ningeloweka wapi, kwenye kikombe? Amesema atarudi siku gari hilo litakapomfuata, tena likienda mbele. Neno "mbele" kalitia mkazo. Maana tangu mwaka jana gari letu linajua kurudi nyuma tu. Ni gari kuukuu la otomatiki, ndilo lililotubeba siku ya harusi.

Fundi magari wa mtaa wa pili, tunayemwita Spana, amesema nimpelekee. Thubutu! Pleti za klachi nimeziona kwa macho yangu: zimevikwa kitu kama kitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa hakijawahi kunishinda.

Nimepika chakula cha watu wawili, mazoea. Nimekula chote kwa huzuni.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe ndani ya giaboksi mna gololi ndogo za chuma, kazi yake kufungua na kuziba njia za oili. Hakuna aliyeniambia. Nimeinua kifuniko, zikatawanyika sakafuni kama wanafunzi waliosikia kengele. Nimezipata zote, isipokuwa moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka mgongo ukalia, nikaambulia pini na kisigino cha kiatu.

Ndipo wazo likanijia. Gauni la harusi la mke wangu limo kabatini. Nililishona mwenyewe, shanga kifua kizima. Ushanga mmoja nani atauona? Nimekata. Umeingia sawasawa!

Gauni bado linanukia yeye. Nimebaki nimeingiza kichwa kabatini, siwezi kukitoa. Mteja aliyefuata suruali yake amenikuta hivyo, akauliza kama kuna msiba. Nimemwambia natafuta zipu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefunga kila kitu. Vimebaki vipande kadhaa, ambavyo kwa maoni yangu vilikuwa vya ziada tangu kiwandani. Gasketi, ile ya kuzuia oili isivuje, nimeikata kwa kitambaa cha kaki, mshono maradufu. Spana amepita, akachungulia, akauliza kama nitaipiga na pasi. Hasidi hana sababu.

Nimewasha. Gia ya mbele: gari limetetemeka, limenguruma, limekaa palepale. Gia ya nyuma: limeteleza kama siagi!

Nimempigia simu mke wangu. Amepokea dada yake, kasema mwenyewe anaoga. Nimepiga tena jioni. Bado anaoga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata akili. Gari likikataa kwenda mbele, nyuma ndiyo iwe mbele! Nimelishonea uso. Kitambaa cha kijivu, vifungo viwili vikubwa vya koti ndizo taa, nikaivisha buti ya nyuma. Kisha nikaenda kwa shemeji kinyumenyume, shingo imeganda upande. Trafiki amesimamisha magari yote ili acheke vizuri.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo shemeji, alikuwa barazani. Akauliza kwa sauti kwa nini dereva ameipa barabara kisogo. Mke wangu akatoka. Akautazama ule uso, kifungo kimoja kinaning'inia. Nikajiandaa kwa matusi. Akacheka! Kicheko chake chenyewe, cha kushika mbavu. Sikujua nimekikosa kiasi gani mpaka machozi yakanilengalenga.

Akapanda na sanduku lake. Hatukufika hata kwenye kona. Pu! Mbele haliendi, nyuma haliendi. Spana akaja kutuvuta kwa kamba, uso mzima meno. Mimi kwenye usukani, mke wangu pembeni, mkono wake begani kwangu kama siku ile ya harusi. Nilitamani nyumba yetu iwe mbali zaidi.

Alhamisi, 20 Machi

Spana amelitengeneza. Kwenye oili alikuta vipande vya ushanga, akamkabidhi mke wangu mbele yangu. Msaliti! Mke wangu alivifunga vile vipande kwenye pindo la khanga. Kisha akasema kwa upole kwamba alirudi kwa sababu nilimfuata, wala si kwa sababu ya gari, na kwamba nikiligusa tena, safari hii haendi kwa dada, anakwenda kwa mama. Nikaapa, mkono kifuani. Niliapa kwa dhati.

Gari linakwenda mbele, raha mustarehe. Ila likitoka gia ya pili kuingia ya tatu, kuna kamshtuko. Kadogo. Mke wangu hakasikii. Spana anasema kako masikioni mwangu. Mimi nakasikia hata nikiwa nashona.

Asubuhi hii mke wangu ameenda sokoni kwa miguu. Kabla hajakata kona nilishatoa beseni. Nafungua, naangalia, nafunga. Hata dakika kumi hazifiki. Tayari nimeanza kumkumbuka.

Gololi moja imekimbilia chini ya kabati. Sina wasiwasi. Gauni bado lina shanga tele.