Nyambizi Ndani ya Hodhi la Roswitha

Jumatano, 9 Aprili

Nimeamua. Naunda nyambizi.

Si mashua. Mashua kila mtu anayo. Klabu yetu ya vyombo vidogo vya rimoti pale kwenye bwawa la kinu cha maji cha zamani imejaa mashua: za zimamoto, za mizigo, moja hata inapiga honi. Nyambizi ipo moja tu, ya Daktari Gerlinde Stöwer. Huyu aliwahi kuning'oa gego, sasa amestaafu, na anaendelea kunitesa kwa njia nyingine. Nyambizi yake inaitwa Lulu. Inazama polepole, inapotea, watu wananyamaza, halafu inaibuka mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Makofi! Kisha wote wananigeukia mimi na kiboti changu cha kuvuta meli, kama mtu aliyekuja harusini na ndala.

Jumamosi tarehe 26 ndiyo siku ya kufungua bwawa kwa msimu huu. Kufikia hapo nitakuwa na nyambizi ya mita nzima, mara mbili ya Lulu. Jina nimeshapata: Mfalme wa Kilindi.

Roswitha aliuliza ya nini. Nikamwambia kila mwanamume anahitaji kilindi chake. Akasema, "Mume wangu, hata bomba la jikoni linavuja tangu Krismasi. Kilindi unacho hapo hapo chini ya sinki."

Mke hajui mambo ya kiufundi. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nusu ya mji huu nimeifundisha kurudi nyuma. Chombo ni chombo.

Jumamosi, 12 Aprili

Vifaa vimefika! Bomba nene la plastiki nyeusi kwa ajili ya kiwiliwili. Mota. Pampu. Tangi la kuingiza maji ili chombo kizame na kuyatoa ili kiibuke. Na rimoti. Ah, rimoti! Mpya kabisa, antena fupi kama kidole gumba.

Ya Daktari ni ya zama za kale. Antena yake inavutwa hadi inakuwa ndefu kama ufito wa kuvulia samaki. Nikamtania pale klabuni. Nikamuuliza leo anatarajia kunasa samaki gani. Hartmut, mlinzi wa bwawa, alicheka hadi akamwaga kahawa. Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini haibadilishi. Nikamjibu kwamba uzee hauhitaji sababu.

"Haya, Mwalimu Pohlenz," akasema. "Maji yatakueleza."

Maji yatanieleza nini? Vitisho vya mpinzani aliyeona mwisho wake.

Jumapili, 13 Aprili

Hapa kwetu Jumapili ni marufuku kutoboa kwa mashine, kwa sababu ya kelele. Nilitoboa tundu moja tu, dogo. Jirani akagonga ukuta kabla sijafika upande wa pili. Watu hawana mambo ya kufanya.

Roswitha alikuwa kanisani na kwaya yake. Nikajaza hodhi la kuogea, nikamshusha Mfalme. Akaelea kama kizibo. Halafu, taratibu, kwa heshima zake zote, akajigeuza tumbo juu.

Kwa nini?

Nilikaa ukingoni mwa hodhi nikifikiri. Nikatupia kiazi. Kikazama. Tufaha likaelea. Kiatu cha nyumbani cha Roswitha kilielea, kikasita, kikazama. Kopo la haradali likiwa tupu linaelea, likijaa linazama. Nikalijaza maji kidogo kidogo, nikitafuta pale katikati, pale ambapo chombo hakipandi wala hakishuki. Sikupapata. Tone moja zaidi, kinakwenda chini. Tone moja pungufu, kinarudi juu. Sasa samaki anafanyaje? Analala wapi? Mbona haanguki?

Jambo hili lilininyima raha ya chakula. Lilininyima pia amani ya nyumba, maana Roswitha alirudi mgongo ukimuuma, akitaka maji ya moto, akakuta viazi. Akaniuliza siku hizi napikia wapi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda sokoni kwa mama muuza samaki. Nikamuuliza kwa nini samaki haanguki. Alidhani nina homa. Kisha akashika trauti, samaki wa mtoni, akampasua, akanionyesha kifuko cheupe kilichojaa hewa, laini kama puto la mtoto mchanga. Samaki akitaka kupanda, anakijaza. Akitaka kushuka, anakipunguza. Basi! Tangi na pampu, ndani ya tumbo la samaki, tangu uumbaji! Nikasimama pale nimeduwaa mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Ilibidi ninunue trauti huyo na mwenzake. Roswitha aliwakaanga kwa siagi. Alifurahi sana, akadhani ni mahaba. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu.

Sababu ya kujigeuza nimeipata: Mfalme ni mwepesi tumboni. Anahitaji uzito, tena chini kabisa. Nimetumia risasi zangu zote za kuzamishia ndoano. Hazikutosha. Maduka yote yamefungwa kwa sikukuu.

Nikazunguka nyumba nikishika vitu na kuvipima kwa mkono. Pasi. Hapana. Kinu cha nyama. Hapana. Kisha, kwenye rafu ya jikoni: mawe ya mizani ya Roswitha. Ya shaba, manene, ya duara, yamepangwa kwenye kisanduku chake cha mbao kutoka kubwa hadi dogo. Bibi yake aliyakokota kwenye kigari cha mkono alipokimbia vita, yeye na mawe yake, akaacha hata koti. Roswitha hana mizani nyingine. Keki yake inajua mawe hayo tu.

Lakini keki ya Pasaka ilishaokwa. Nani atapima nini kabla ya Jumamosi ijayo? Kukopa si kuiba.

Nafasi ilikuwa finyu. Nikang'oa kile kifaa cha usalama, kinachosukuma maji yote nje ya tangi mawasiliano yakikatika ili chombo kiibuke chenyewe. Kanuni ya klabu inakidai. Kanuni ziliandikwa na waoga. Mimi siwezi kupoteza mawasiliano, rimoti yangu ni mpya!

Nikamshusha. Nikafungua pampu. Mfalme akazama kiganja kimoja, viwili, nikafunga.

Akasimama.

Katikati ya maji. Hakupanda, hakushuka. Alining'inia pale kwenye hodhi, hajashikwa na kitu, kama wazo ambalo halijaamuliwa. Nikasahau kuvuta pumzi. Nikamwita Roswitha kwa kunong'ona, nisije nikatikisa maji. Akaja na taulo begani, akainama kando yangu. Tukatazama pamoja. Kisha akasema, "Ewald, ni kizuri kweli." Akanishika bega.

Nusura nimweleze kuhusu mawe. Nusura.

Jumatatu, 21 Aprili. Jumatatu ya Pasaka.

Balaa. Roswitha ametaka kuoka tena. Kisanduku kitupu.

Aliniuliza. Nilisema ukweli mtupu: kwamba dada yake, Mechthild, alikuwa hapa jana. Ndiyo tu. Sikusema ameiba. Nilisema alikuwa hapa, akala keki, akasifu jiko. Kama mtu anajumlisha moja na moja, hesabu ni yake.

Roswitha alijumlisha.

Jumatano, 23 Aprili

Amempigia simu Mechthild. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta wa karakana. Kumbe Mechthild aliyataka mawe hayo tangu mazishi ya bibi, na Roswitha hakuwahi kusahau. Kumbe kuna na mkufu. Kumbe kuna na mchumba fulani wa zamani, kabla yangu! Huyo Mechthild alimnyang'anya, kisha naye akamwacha.

"Wewe tangu utotoni mkono wako mrefu!" Roswitha akalia, akakata simu. Akakaa jikoni bila kuwasha taa.

Nikaingia kumfariji. Nikamwambia labda mawe yatarudi. Akasema mawe hayana miguu. Nikasema nani ajuaye, dunia ina mengi. Akanitazama muda mrefu. Nikarudi karakana.

Mpango: Jumamosi naonyesha, napokea makofi, nayatoa mawe, nayakuta nyuma ya gunia la unga. Dada wanapatana. Mimi nakuwa shujaa mara mbili siku moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Asubuhi ilikuwa safi. Soseji kwenye moto, saladi ya viazi, bia, kwaya ya Roswitha ikiimba gatini. Hartmut alikagua vyombo. Akauliza kama Mfalme ana kifaa cha usalama. Nikamwambia kipo, kimefichwa, ni cha kisasa. Akaniamini. Nilimfundisha udereva, bado ana adabu.

Lulu ilitangulia. Ikazama, ikaibuka, makofi. Sawa, sawa.

Kisha Mfalme! Mita nzima, mweusi, anang'aa. Watu wakasema ooh. Nikampeleka hadi katikati ya bwawa, nikafungua pampu. Akazama kwa madaha. Hata Daktari aliinua nyusi. Nikahesabu pumzi chache, nikabonyeza aibuke.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikaiinua rimoti juu ya kichwa. Nikasimama kwenye kiti. Nikapanda meza ya saladi. Mapovu mawili yakatokea, kama mtu anayejikohoza kabla ya kuaga. Basi. Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa kuusifu mto, ikaumaliza bila mpangilio.

Daktari akaja kando yangu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza kwa upole kwamba mawimbi mafupi ya rimoti mpya yanamezwa na maji. Yanapenya hodhi la kuogea, bwawa hayaliwezi. Yale marefu ya rimoti kongwe yanashuka hadi chini. Nikasema najua. Akasema, "Ulijua?" Nikasema kwa nadharia.

Akauliza mbona kifaa cha usalama hakimwibui. Nikatazama bata.

Nikapendekeza tusubiri betri iishe. Nikapendekeza tufungue lango la kinu tukaushe bwawa. Hartmut akasema, "Mwalimu, shuka kwenye meza kwanza."

Nilipogeuka, Daktari Stöwer, mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa amevaa nguo ya kuogelea. Kumbe huogelea humo kila asubuhi, majira yote. Akanikabidhi miwani yake na taulo, akaingia kwenye maji yale ya barafu kama anayeingia sebuleni. Akapiga mbizi. Watu wote gatini walishika pumzi. Akaibuka mikono mitupu. Akapiga ya pili. Nikaanza kutetemeka kwa niaba yake. Akikakamaa kwa baridi je? Nitawaeleza nini wanawe? Nikaingia majini hadi magotini, ndiyo maana ya beseni hili, lakini maji yalikuwa baridi mno, nikamtia moyo kutoka hapo.

Mara ya tatu aliibuka na Mfalme kifuani, kama mama na mtoto mchanga. Makofi! Makubwa kuliko yote niliyowahi kusikia pale. Si yangu.

Mfalme alikuwa ameingiwa na maji. Ile pete ya mpira ya kifuniko sikuipaka mafuta. Hartmut, kwa wema wake, akamfungua na kumwinamisha ili maji yatoke. Maji yakatoka. Kisha jiwe la kilo moja. Likadunda kwenye mbao za gati. Kisha la nusu. Kisha la robo, likabiringika polepole, likazunguka, likalala mbele ya viatu vya Roswitha.

Kwaya nzima ilikuwa nyuma yake.

Hakupiga kelele. Aliyaokota moja moja, akayafuta kwa kitambaa chake cha shingo. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwita dada yangu mwizi, Ewald."

Nikasema walau hayapati kutu.

Jumapili, 27 Aprili

Roswitha amekwenda kwa Mechthild kuomba radhi. Mawe amekwenda nayo. Atarudi Alhamisi. Kabla ya kupanda gari moshi aliniambia anasikitika zaidi kwa ajili ya ile Ijumaa, tulipotazama pamoja, kwa sababu alidhani tulikuwa wawili tu pale hodhini, kumbe na uongo ulikuwepo.

Nimezunguka nyumba. Nimekula saladi iliyobaki. Nimetengeneza bomba la jikoni. Linavuja zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari amepita. Ameniletea rimoti kongwe, ya akiba, yenye antena ndefu. Zawadi! Amesema mtu aliyeuliza kwa nini samaki haanguki hapaswi kukata tamaa. Kumbe mama muuza samaki alimsimulia. Akanishauri nianze upya, na kitu kidogo, kisichozidi urefu wa mkono. Nipake mafuta pete. Nifuate kanuni. Nimwambie mke wangu kila kitu.

Nimemshukuru sana. Maneno ya hekima. Nimeyatafakari asubuhi nzima.

Kosa lilikuwa wazi. Mfalme alikuwa mdogo mno! Chombo kikubwa kinabeba uzito wake chenyewe, hakihitaji mawe ya mtu. Mita mbili na robo, nimeshachora. Bomba linafika kesho. Shida ni mahali pa kuliundia: meza ya karakana ni fupi, na sakafu inakwaruza plastiki. Kitanda chetu ndicho kinachofaa. Kipana, laini, kina mwanga wa dirisha. Ni ubao wa miguuni tu unaozuia.

Msumeno unapita vizuri. Mwaloni mkavu, harufu tamu. Nikipunguza kitanda kiganja hiki kimoja, hakuna ubaya.

Roswitha ni mfupi. Hatatambua.