Sayari ya Pili Kutoka Kwenye Jua

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa! Mwalimu Mkuu ametangaza tukiwa chumba cha walimu, vikombe vya chai mkononi. Atakayeng'ara atapewa Idara ya Sayansi. Mada: sayari. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu wa Jiografia, tunayemwita Ramani, akasema taratibu kwamba sayari ni za somo lake. Nikamwambia angani hakuna mipaka ya kuchora. Walimu wakacheka. Nadhani walimcheka yeye.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Nimechora mfumo wa jua ubao mzima, kwa chaki za rangi. Zebaki, Zohali, Dunia... Mkono ukapanda dawati la mbele. Binti yangu! Kwa bahati mbaya yuko darasa langu la saba. Akasema kwa adabu kwamba samahani Mwalimu, ya pili ni Zuhura, Zohali ni ile yenye pete. Kweli tupu. Lakini Ramani alikuwa amesimama dirishani! Nikosolewe mbele yake, tena na mwanangu wa kumzaa? Nikasema kwa sauti ya juu kwamba ya pili ni Zohali, na wajuaji wasiwapotoshe wenzao. Nikamhamishia dawati la nyuma kabisa. Darasa zima likaandika Zohali.

Jumatano, 5 Machi
Mtoto hali chakula. Haongei. Mke wangu amenijia juu. Ananikumbusha kwamba ni mimi niliyemwonyesha Zuhura alfajiri, angali mdogo, nimembeba mabegani. Nikaahidi kusahihisha kesho. Akauliza kwa nini si sasa hivi, mtoto yuko chumba cha pili. Nikamjibu kwamba mambo ya shule huzungumzwa shuleni. Nimelala sebuleni. Kochi ni fupi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa na mpango mzuri: nitawaambia lile kosa lilikuwa mtego wa kupima umakini wao. Naingia darasani, namkuta Mwalimu Mkuu amekaa nyuma kunitazama! Karibu kabisa na binti yangu. Mtego ukanikwama kooni. Mpango wa pili, wa kesho: nimechora Mshtarii kwenye karatasi za manila, mkubwa mno, unaziba ubao wote. Nani ataulizia sayari nyingine?

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi ni mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni. Alimsifia sana Mshtarii wangu. Kisha akaulizia sayari ya pili kutoka kwenye jua. Akamnyooshea kidole binti yangu kule nyuma. Nikamwashiria kwa midomo: Zu-hu-ra! Alinitazama muda mrefu. Akasimama, akasema:
“Zohali.”
Mkaguzi akamuuliza kama ana uhakika.
“Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha.”
Hakusema kwa kiburi. Afadhali angesema kwa kiburi. Darasa zima likaitikia kwa fahari: Zohali! Ramani, aliyetumwa kumsindikiza mgeni, akaanza kukohoa, ikabidi atoke nje.

Jumatatu, 10 Machi
Idara amepewa Ramani. Mimi nimepewa usimamizi wa usafi wa vyoo. Halafu Mwalimu Mkuu akaniita, akaniambia binti yangu ameomba kuhamia mkondo wa pili, anakofundisha Ramani. Aliomba mwenyewe, bila kunishirikisha. Akauliza kama nina pingamizi. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, sikuwasikia vizuri. Nikasema sina.

Nimetembea hadi nyumbani na moyo mzito kama gunia la mchanga. Kufika mlangoni, nikang'amua! Mtoto ana akili huyu, amerithi kwangu. Ameenda kunifanyia upelelezi! Kila jioni ataniletea makosa ya Ramani, moja moja, mpaka nimwangushe. Wakati wa chakula nikamkonyeza. Akachukua sahani yake, akaenda kula jikoni peke yake.

Mjanja kweli! Hataki mama yake ashtukie.