Mshale Kwenye Sururu

Machogu aliiona ile sururu kwenye mazishi huko Marani, akaacha kulia papo hapo. Marehemu hakuwa ndugu yake. Machogu alikuwa amefuata wali. Kwenye chuma, karibu na tundu la mpini, palikuwa na mshale wa mistari mitatu.

Machogu aliwahi kubeba mizigo kwa Gulled, muuzaji wa vitu vya kale mjini Kisii, na huko aliokota elimu kidogo: mshale ni alama ya serikali ya mkoloni, na chuma chenye mshale wageni hukinunua kwa bei ya ng'ombe. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote, ukiondoa simu.

Kesho yake alibisha kwa mwenye sururu, mjane aitwaye Nyanchoka. Machogu alikuwa amevaa tai.

"Mama, hii ni mali ya serikali. Mshale huu ni wa vita vya pili vya dunia. Ukipatikana nayo, ni kesi."

Nyanchoka alitazama mshale, kisha tai. "Uwi! Na shoka? Na koleo? Na jembe? Vyote vina mshale."

Machogu alimeza mate. "Kesi nne, mama."

"Vichukue basi, mwanangu. Lakini nitalima na nini? Serikali itaniacha mikono mitupu?"

"Serikali haina roho mbaya hivyo."

"Basi niletee vipya kwanza. Na jembe lisiwe lile jepesi la kujikunja."

Machogu aliuza simu. Simu ndiyo iliyokuwa ofisi yake, na wateja wote walikuwa humo, lakini alijiambia kwamba ofisi itarudi ikiwa kubwa zaidi. Akanunua vifaa vipya, akavipeleka, akaondoka na gunia la chuma kikuukuu.

Gulled alipitisha kidole juu ya mshale. "Alama ya serikali hugongwa kwa muhuri, pigo moja, mistari yote kina kimoja. Huu umechongwa na patasi. Mmoja umezama, mwingine umeteleza."

"Kwa hiyo ni wa lini?"

"Wa mtu mwenye patasi. Toa gunia mlangoni, wateja wanapita."

Asubuhi Machogu alirudi Marani kudai vifaa vyake. Langoni kwa Nyanchoka alikutana na wanaume wanaokwenda kuchimba kaburi kwa jirani. Mmoja wao, Mogire, alichungulia gunia.

"Hivi si vya Nyanchoka? Nani hapa asiyeujua huo mshale? Marehemu mzee wake aliuchonga ili vikiazimwa kwa mazishi virudi. Wewe umevitoa wapi?"

Wanaume wengine walisogea karibu. Kila mmoja alikuwa na jembe mkononi.

Nyanchoka alitoka akijipangusa mikono. "Mwacheni. Nilimwazima. Sivyo, mwanangu?"

Machogu aliyahesabu majembe. "Ndivyo, mama. Nimerudisha."

"Mungu akubariki. Si wengi wanaorudisha. Na hujavaa tai leo; vizuri, utachimba bila shida."

Alimkabidhi sururu mpya. Machogu aliitambua, bei yake bado ilikuwa imebandikwa kwenye mpini.

Alichimba hadi jua lilipopanda. Wazee walimsifu, wakasema vijana wa mjini si wote wameharibika. Alipokuwa anaosha mikono, Nyanchoka aliichukua ile sururu, akaigeuzageuza, akaibandua karatasi ya bei.

"Bochaberi!" alimwita bintiye. "Niletee patasi ya baba yako. Hii bado haina alama."