Kasi ya Ulimwengu, Kuanzia Kibanda cha Lucia

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kosa la watu wengi ni hili: hudhani mwanga wa nyota hutufikia kwa njia moja tu. Si kweli! Galaksi nzito ikikaa katikati, mvutano wake huupinda mwanga. Mwingine hupita kushoto, mwingine kulia, kama watu wanaozunguka kilima. Nyota moja ikilipuka huko nyuma, tunaiona mara mbili. Ya pili huchelewa. Ukijua imechelewa kiasi gani, unapata umbali. Ukipata umbali, unajua ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Wataalamu wanabishana juu ya kasi hiyo hadi leo. Hawajaniuliza.

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na tangu nistaafu sijashika chaki. Sasa nafasi imekuja. Mwalimu Mectilda, mkuu wa sekondari yetu hapa Dirma, anataka mzee mmoja azungumze na kidato cha nne Ijumaa, Siku ya Sayansi. Mmoja tu! Mshindani wangu ni Bonaventura, bwana shamba mstaafu. Ana miche ya parachichi ya kugawa. Mimi nina ulimwengu. Alhamisi tutajaribiwa wote wawili.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeanza na glasi. Kitako cha glasi yenye mguu hupinda mwanga kama galaksi. Tazama mshumaa kupitia hapo, utaona mishumaa miwili, mitatu, hata duara. Nikatoa glasi ya harusi yetu kabatini, nikakata mguu kwa msumeno wa chuma. Ikapasuka yote. Mke wangu Paskalina aliuliza, Baba Fabiola, huo ulimwengu ungeshindwa kutanuka bila glasi yangu? Nikazoa vipande. Chai ya jioni haikuwa na maziwa.

Mpango mpya, bora zaidi. Kilima! Kibanda cha chai cha Lucia kiko nyuma ya kilima cha shule. Hicho ndicho nyota yangu. Cornel, mtoto wa dada yangu, na Yona, fundi baiskeli, wataondoka hapo pamoja kuja shuleni kwa miguu, kwa mwendo mmoja. Cornel kushoto, Yona kulia. Kulia ni mbali kidogo. Umbo la njia nimeshalichora. Kwa tofauti ya muda tu, bila kunyoosha kamba, nitatamka Lucia yuko umbali gani. Parachichi linaweza hilo?

Alhamisi, 21 Agosti

Aibu. Cornel alifika mapema, akaniamkia, akasimama. Tukamsubiri Yona. Bonaventura akauliza kama nyota yangu ya pili imelala. Walimu wakanywa chai, wakamaliza, wakaosha vikombe. Ndipo Yona akatokea, anajifuta maziwa ya mgando mdomoni.

Kumbe njia ya kulia inapita bomani kwa Mzee Gidahosh, na leo wazee walikaa pale kuzungumzia posa. Yona anasema, angepitaje? Shikamoo kwa kila mmoja. Kila mmoja akamuuliza habari za mama, za ng'ombe, za mahindi, na kwa nini anakwenda mbio, kuna msiba? Wakamkalisha. Akapewa kibuyu.

Nilipiga hesabu hivyo hivyo. Ikatoka kwamba kibanda cha Lucia kiko Dodoma. Bonaventura akasema ndiyo maana maandazi yake hufika yamepoa.

Mwalimu Mectilda hakucheka. Alisema, Mwalimu Hhando, hapo ndipo wataalamu wenyewe wanapohangaika. Galaksi haipindi njia tu; uzito wake pia huuchelewesha mwanga unaopita karibu. Lazima kwanza uujue uzito. Wazee wako ndio uzito! Akaniahidi: nikiwaeleza wanafunzi yaliyompata Yona, kama yalivyo, Ijumaa ni yangu.

Ni yangu! Lakini nisimulie kushindwa mbele ya kidato cha nne? Mbele ya Bonaventura? Hapana. Nitawaondoa wazee njiani.

Ijumaa, 22 Agosti

Jana jioni nilimwendea Mzee Gidahosh, nikawaalika wazee wote shuleni, wageni wa heshima. Njia ikabaki tupu. Akili!

Wakaja wote. Wakapangiwa viti mstari mmoja, kati ya geti na ubao wangu.

Cornel akafika. Hakuweza kupita. Akaanza shikamoo kiti cha kwanza, kwa Mzee Gidahosh, ambaye alimshika mkono asiuachie. Yona akatokea, akaanza kiti cha mwisho. Nikapiga kelele waje ubaoni kwanza! Wazee wakanigeukia. Mzee Gidahosh akauliza, mwalimu mzima, unafundisha watu kupita wakubwa zao kama mbuzi? Nikaomba radhi. Nikawaamkia nami, kiti kwa kiti.

Cornel na Yona wakagusa ubao kwa pamoja. Tofauti: sifuri. Kwa hesabu yangu, kibanda cha Lucia kiko hapa hapa ubaoni. Bonaventura akainua kikombe kitupu, akaita: Lucia, ongeza chai, si uko hapa!

Mwalimu Mectilda akachukua chaki yangu. Akachora mstari wa wazee mahali pa galaksi. Uzito zaidi, kuchelewa zaidi. Kidato cha nne kikaelewa chote, mikono ikawa juu mpaka kengele. Sijui walielewa nini.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwalimu Mectilda ametuma ujumbe. Wanafunzi wananitaka Jumatatu, niwasimulie tena habari ya Yona na wazee. Chaki itakuwepo. Nimesoma ujumbe huo mara kadhaa, kisha nikamsomea Paskalina.

Nitakwenda, ila si kwa hadithi. Kwa jaribio! Nimechunguza yote. Hesabu haina kosa. Cornel na Yona hawana kosa. Wazee, siwezi kusema wana kosa. Kilichobaki ni kibanda: kimejengwa mahali ambapo hesabu haikubali.

La kufanya leo: nenda kwa Lucia, mwombe akihamishe.